Mpira Usioze: Kutunza Sanamu za Mashujaa Kwenye Joto la Dar es Salaam

Mjomba wangu alikuwa baharia. Safari moja ya mwaka 1987 alirudi na sanamu ya kuchezea ya He-Man, yule shujaa wa kampuni ya Mattel mwenye kifua cha mnyanyua vyuma, akanikabidhi mkononi pale pale mlangoni. Nilimchezea miaka miwili mitatu, kisha mama akamweka kwenye sanduku la bati pamoja na vitenge vyake, akatupia vidonge vitano sita vya naftalini, akafunga kufuli. Sanduku likapanda juu ya kabati, chumba cha uani, nyumba ya Temeke yenye mabati bila dari.

Nilikuja kulifungua nikiwa mtu mzima. Nikamshika He-Man kiunoni nikamwinua, miguu ikabaki sandukuni. Kile kipande cha mpira kinachoishikilia miguu kwa ndani ya nyonga kilikuwa kimekauka na kukatika vipande vipande, ukivigusa vinasagika kama ugoro. Kichwa, ambacho ni cha plastiki laini, kilikuwa kinanata, na shavu moja lilikuwa limenyonya rangi ya buluu ya kitenge.

Mama alifanya kila tulichofundishwa kuhusu kutunza kitu cha thamani: kifunike, kifungie, kipandishe juu, kitie dawa ya wadudu. Kitenge kilinusurika kwa njia hiyo. Mpira haukunusurika, kwa sababu mpira na plastiki laini huharibika zaidi vikifungiwa kwenye joto, vikinyimwa hewa, na vikilala kifuani pa vitu visivyopatana navyo. Mambo hayo matatu ndiyo kazi yenyewe. Na ifanye sanamu ikiwa bado nzima, maana mpira uliokwisha kuoza haurudi.

Hatua ya 1: Jua una mpira gani

Sisi tunaita "mpira" kila kitu kinachobonyea. Kwa mtunza sanamu, jina hilo moja limebeba vitu vinne, na kila kimoja kina namna yake ya kufa.

Cha kwanza ni mpira wenyewe, uwe wa utomvu wa mti au wa kiwandani unaofanana nao. Huu mara nyingi umejificha ndani. G.I. Joe, wale askari wadogo wa kampuni ya Hasbro waliotoka mwaka 1982, wana pete moja ya mpira tumboni, na pete hiyo ndiyo inayofunga kifua, kiuno na miguu pamoja. Ikikatika, askari anagawanyika mara mbili. Mashujaa wa kampuni ya Mego wa miaka ya 1970 wameunganishwa kwa kamba za mpira unaovutika, na Stretch Armstrong wa Kenner, aliyetoka mwaka 1976, ni gunia la mpira lililojazwa sharubati nzito. Mpira wa aina hii huwa imara kwa sababu umechanganywa na salfa ukapashwa moto, njia aliyoigundua Charles Goodyear mwaka 1839. Oksijeni na ozoni, gesi ndugu yake iliyomo hewani, huvivunja vifungo vya ndani taratibu, na joto na jua huiharakisha kazi hiyo. Mwisho wake ni mmojawapo kati ya miwili: mpira hukakamaa na kuota nyufa, au hulainika ukawa kama gundi.

Cha pili ndicho kilicho kingi zaidi: PVC laini. Sanamu nyingi zinazoitwa za mpira, wakiwemo wale wanamieleka wazito wa LJN walioanza kutoka mwaka 1984, ni PVC. Ukitaka kuielewa, tazama bomba la maji la plastiki lililopo bafuni kwako. Hiyo nayo ni PVC, ngumu kama mfupa. Kinachoifanya ibonyee kwenye sanamu ni mafuta maalumu yanayochanganywa nayo kiwandani. Hapa nitayaita kilainishi. Kilainishi hakijafungamana na plastiki, kimekaa tu katikati yake, kwa hiyo miaka ikipita na joto likipanda, kinatafuta njia ya kutoka. Kikifika juu, sanamu inatoa jasho: inang'aa, inanata, inakusanya vumbi, ina harufu kama ya pazia jipya la bafuni. Kikishatoka chote, kinachobaki ni kitu kigumu, kilichosinyaa, tayari kupasuka.

Cha tatu ni ngozi bandia ya poliyurethani, inayotumika kwenye makoti, mikanda na mabuti ya sanamu kubwa zenye nguo. Hii wakazi wa Dar tunaijua vizuri hata kama hatuijui jina. Ni ile ile ya kiatu cha harusi ulichokivaa mara moja, ukakirudisha kwenye boksi, na baada ya miaka mitano ukakivaa tena, soli ikabaki njiani. Unyevu wa hewani huivunja vipande vidogo vidogo, iwe imevaliwa au haijavaliwa.

Cha nne ni silikoni, inayotumika kwenye miili isiyo na viungo vya kuonekana, yenye mifupa ya chuma ndani. Hii ndiyo inayodumu kuliko zote. Haina kilainishi cha kutoka jasho, na ozoni haiisumbui. Inachanika tu kirahisi, na inanyonya rangi ya nguo.

Kama hujui ulicho nacho, ilaze sanamu usiku mmoja juu ya karatasi nyeupe isiyo na maandishi. Asubuhi ukikuta alama ya mafuta, una PVC, na tayari imeanza kutoa kilainishi. Usichome kwa sindano ya moto kama wafanyavyo baadhi ya watu. Moshi wa PVC ni sumu, na tundu halizibiki.

Hatua ya 2: Tafuta mahali pa baridi ndani ya nyumba yako

Hapa ndipo sanamu hupona au hufa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Wataalamu wa kemia wana kanuni ya kukadiria: joto likipanda nyuzi 10 za Selsiasi, mabadiliko mengi ya kikemia huenda takriban mara mbili kwa kasi. Mchana wa Januari au Februari, Dar hufika nyuzi 31 au 32 kivulini. Juu ya kabati, chini ya mabati yasiyo na dari, ni moto zaidi kwa mbali. Maana yake ni kwamba sanamu mbili zilizonunuliwa siku moja, moja ikakaa juu ya kabati na nyingine rafu ya chini chumba hicho hicho, hazizeeki sawa.

Shika mkono wako uwe kipimo. Saa tisa alasiri, siku ya jua kali, pita nyumba nzima ukigusa kuta. Ukuta unaopokea jua la jioni utauhisi wa moto hata baada ya magharibi, huo uache. Tafuta ukuta wa ndani, unaotenganisha chumba na chumba, na weka rafu chini ya usawa wa kifua, kwa sababu hewa ya moto hupanda. Kwangu mahali hapo ni ukumbini, mkabala na mlango wa chumba cha watoto. Sipapendi kwa macho, lakini pana ubaridi kuliko kwingine kote.

Usiweke juu ya friji, wala karibu na runinga, king'amuzi au stabilaiza. Na usiache sanamu kwenye gari, hata kwa saa moja ya kwenda Kariakoo na kurudi. Nimeona upanga wa PVC ukining'inia kama mkufu kwa sababu ya dashibodi.

Mwanga nao unaua. Jua la dirishani, hata likipita kwenye kioo, hubeba mionzi inayokausha mpira na kugeuza plastiki nyeupe kuwa njano. Pazia zito linatosha. Ndani ya kabati la kioo tumia taa za LED ndogo, na mgeni akiondoka, zizime.

Kuhusu unyevu, tuwe wakweli: hatuwezi kuishi kama makumbusho ya Ulaya yanayoshikilia nyuzi 20 mwaka mzima. Tuko pwani. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, hata chumvi ya mezani inagandamana. Nunua kipimo kidogo cha kidijitali cha joto na unyevu, ukiweke rafuni, ukisome kwa wiki moja kabla ya kuamua chochote. Unyevu ukikaa juu ya asilimia 65 kwa muda mrefu, ukungu unaota na ngozi bandia inaanza kumenyuka. Kama una kiyoyozi, usielekeze upepo wake kwenye sanamu, na usitegemee kukiwasha na kukizima kiholela. Kupanda na kushuka kwa kasi kwa joto na unyevu kunachosha plastiki. Feni inayozungusha hewa chumbani ni ya bei nafuu na inasaidia zaidi ya watu wanavyodhani.

Wanaoishi karibu na bahari, Msasani au Kigamboni, wana adui mmoja zaidi: chumvi hewani. Haili mpira, inakula skrubu na mifupa ya chuma iliyomo ndani, na kutu ikivimba hupasua plastiki kutokea ndani.

Na kama unafanya kazi nyumbani na una printa ya leza, au kile kisafisha hewa kinachotoa ioni, hamisha sanamu zenye mpira halisi chumba kingine. Vifaa hivyo huweza kutoa ozoni, na ozoni kidogo tu inatosha kuchana mpira uliovutwa.

Hatua ya 3: Osha kabla ya kuhifadhi

Jasho la mikono, mafuta ya chipsi, vumbi la barabarani: vyote huganda kwenye PVC na kuwa kitu kimoja nayo. Anza na brashi laini kavu, ile ya kupakia poda usoni inafaa sana. Kisha bakuli la maji ya vuguvugu, yale ambayo ungemwogeshea mtoto mchanga, na tone moja la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Tumia mswaki laini wa mtoto, pita kwenye mikunjo ya nguo na katikati ya vidole, suuza kwa maji safi, kausha kwa kitambaa cha pamba. Mwisho iache kivulini mbele ya feni hadi kesho yake. Usiianike juani hata kama una haraka.

Sanamu yenye skrubu au mifupa ya chuma usiitumbukize. Ifute kwa kitambaa kilicholowa kidogo.

Sasa nikuombe jambo moja, tena nakuomba kwa dhati: usipake mafuta. Sisi ni watu wa kupaka. Ngozi ikikauka tunapaka, mlango ukilia tunapaka, kiatu kikififia tunapaka. Mtu akiona mpira umekakamaa, mkono unakwenda wenyewe kwenye kopo la mafuta ya nazi. Rafiki yangu wa Tabata aliwapaka wanamieleka wake wote vaselini, kwa upendo mtupu, na kwa wiki moja waling'aa kama wapya. Baada ya miezi kadhaa rangi za kaptula zilianza kuinuka kwa ukurutu, na juu ya miili kukawa na utando wa vumbi usiotoka kwa sabuni. Mafuta ya aina hiyo huuvimbisha mpira halisi na kuudhoofisha, na kwenye PVC hayarudishi kilainishi kilichotoka. Zile dawa za kung'arisha dashibodi, mafuta ya cherehani na mafuta ya taa, vyote viko kundi hilo hilo.

Asetoni ya kuondolea rangi ya kucha huyeyusha plastiki ngumu papo hapo. Spiriti inaondoa rangi na kuvuta kilainishi. Jiki inafifisha. Kama kiungo cha plastiki ngumu kimekaza, tone dogo la mafuta ya silikoni linaruhusiwa, mradi sanamu yenyewe si ya silikoni, kwa kuwa silikoni huvimba ikinyonya mafuta ya aina yake.

Hatua ya 4: Tenganisha visivyopatana

Nina gari dogo la mfano lililokaa miaka kadhaa kwenye kisanduku chake cha plastiki angavu. Magurudumu yake ni ya PVC laini. Siku nilipolinyanyua, lilitoka na sauti ya kubanduka kama plasta, na kwenye kitako cha kisanduku kulikuwa na mashimo manne madogo, kila moja na chapa kamili ya kashata za tairi, utadhani gari lilipita kwenye lami ya moto. Kilainishi kilitoka kwenye tairi kikaingia kwenye plastiki ngumu na kuiyeyusha. Jambo hilo hilo hutokea joho la PVC likilalia mgongo wa plastiki ngumu, au sanamu laini ikisimama miaka juu ya rafu iliyopakwa rangi ya mafuta.

Dawa yake ni kuweka kizuizi. Chini ya kila sanamu laini weka kipande cha bafta nyeupe, au karatasi nyeupe isiyo na wino. Joho livue, silaha zitoe mkononi.

Gazeti usilitumie kabisa. Wino wake unahamia kwenye PVC na hautoki. Vitenge, kanga na kitambaa chochote chenye rangi kali ni hivyo hivyo, na shavu la He-Man wangu ni ushahidi. Rababendi zile za kufungia noti ni mbaya kuliko zote, kwa sababu zinaoza mapema na kuyeyukia pale zilipofungwa. Waya wa shaba pia usitumie kufungia kitu, kwani shaba huharakisha kuoza kwa mpira halisi. Wakusanyaji wa Barbie wa zamani wanalijua doa la kijani linaloota masikioni palipokuwa na hereni za chuma. Chanzo chake ni hiyo hiyo shaba.

Naftalini iondoe. Mvuke wake hulainisha baadhi ya plastiki. Dawa ya mbu ya kujipaka yenye DEET huyeyusha plastiki kadhaa, kwa hiyo ukijipaka jioni, nawa mikono kabla ya kushika. Dawa ya kupuliza nayo usipulize upande wa rafu. Na udi: najua Ijumaa nyumba bila udi haijakamilika, hata kwangu chetezo hakikosekani. Lakini moshi wa udi na ubani una mafuta, unatua juu ya sanamu kama utando wa njano. Fukiza chumba kingine, au funika rafu kwa shuka jeupe mpaka moshi utulie.

Hatua ya 5: Sanduku linalopumua

Kama huna kabati, au sanamu ni nyingi kuliko rafu, utalazimika kutumia sanduku. Chagua kontena la plastiki lenye namba 5 ndani ya pembetatu pale chini. Hiyo ni polipropilini, tulivu na isiyotoa mvuke wa kudhuru. Namba 2 na 4, ambazo ni polithini, zinafaa pia. Namba 3 ni PVC, iache dukani.

Toboa matundu madogo pande mbili, matano kila upande, karibu na juu. Ndiyo, toboa. Sanduku lililozibwa kabisa linakusanya mvuke wa kilainishi na asidi zinazotoka kwenye plastiki inayozeeka, na sanamu moja mgonjwa inawaambukiza wenzake. Kwa ndani ya matundu bandika kipande cha chandarua kuzuia mende na mchwa.

Tandika bafta iliyofuliwa na kusuuzwa vizuri, isiyo na wanga wa kunyooshea. Kila sanamu iviringishe kwenye kipande chake, isimguse mwenzake. Plastiki yenye mapovu ya hewa usiitumie kwa muda mrefu. Inaacha alama za duara mwilini kama ndui.

Vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu na mikoba vikusanye, lakini ujue vimeshajaa kabla havijafika kwako. Ni bora kununua vile vyenye punje zinazobadilika rangi, za rangi ya chungwa zinazogeuka kijani. Zikigeuka, zikaushe kwenye oveni kwa moto mdogo mpaka rangi irudi, na chombo utakachotumia kisirudi tena kwenye chakula. Kwenye sanduku lenye matundu punje hizo hujaa unyevu haraka, kwa hiyo nguvu yake ni kwenye wiki mbaya za masika. Siyo tiba ya mwaka mzima. Zile za buluu zinazogeuka waridi zina kobalti, ambayo ni sumu. Kwenye nyumba yenye watoto sizipendekezi.

Mara moja kwa mwezi fungua sanduku, toa kila kitu, acha kipigwe na upepo nusu saa, nusa. Pua yako itajua kabla ya jicho.

Wapo watakaouliza habari za sanamu ambazo hazijafunguliwa, zilizo bado kwenye kadi na plastiki yake angavu. Hapo bei inagombana na uhai wa sanamu. Kifungashio kile kinazuia vumbi na wakati huo huo kinafungia mvuke. Mimi zangu nazifungua. Kama wewe unazitunza kwa ajili ya kuuza, basi hizo ndizo ziwe za kwanza kupewa mahali penye ubaridi, kwa maana huna njia nyingine ya kuzisaidia.

Hatua ya 6: Zipumzishe

Mpira uliovutwa unapasuka na ozoni haraka kuliko uliolegea. Kunja mpira wa manati wa zamani uone: nyufa zinafunguka pale pale kwenye mkunjo. Silikoni haisumbuliwi na ozoni, lakini nayo huchanika kirahisi ikivutwa, kwa hiyo sanamu ya silikoni isiachwe imepiga goti au imeinua mikono miezi yote. Isimamishe wima, mikono ikining'inia mbali kidogo na mbavu. Pozi la mapambano liwe la siku ya wageni na siku ya picha.

Mkono wa PVC ulioshika bunduki nene nao uachie. Kidole gumba ndicho cha kwanza kuchanika. Kurudisha silaha mkononi, au kubadilisha kiganja, pasha kwanza kwa drayer ya nywele kidogo au kwenye maji ya moto yasiyochemka, plastiki italainika na kuingia bila vita. Upanga uliopinda unanyooshwa hivyo hivyo: maji ya moto, nyoosha kwa vidole, kisha tumbukiza kwenye maji ya baridi ukiwa umeushikilia.

Miili ya silikoni inanata kidogo kwa asili yake, na wengi huipaka poda. Soma kopo kwanza. Poda nyingine za watoto ni wanga wa mahindi, na wanga katika unyevu wa Dar ni chakula cha ukungu na wadudu. Poda ya mawe, yaani talki, ndiyo inayofaa hapa. Ipake nje barazani kwa brashi, kidogo sana, na usiivute puani. Na kabla ya kuivisha nguo nyeusi au nyekundu, fua nguo hiyo mpaka maji yatoke meupe.

Hatua ya 7: Unaponunua mitumba

Karume pale Ilala, kati ya marobota ya nguo za watoto, mara nyingine hutokea sanamu nzuri sana. Kabla ya kutoa pesa, inuse, pitisha kidole gumba tumboni kuhisi kunata, kunja mguu taratibu ukisikiliza mlio wa kukatika, tazama kwapani na nyuma ya magoti. Kunata kidogo kunaoshwa. Nyufa haziponi.

Nyumbani iweke peke yake mwezi mzima kabla ya kuichanganya na nyingine. Na kama ni ya zamani, usimpe mtoto mdogo anayetafuna. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku moja kwa moja vilainishi kadhaa vya kundi la ftaleti kwenye vitu vya kuchezea mwaka 2005, Marekani ikafuata mwaka 2008. Vilivyotengenezwa kabla ya hapo vinaweza kuwa navyo kwa wingi.

Hatua ya 8: Imeshaanza kuharibika

PVC inayonata ioshe kama hatua ya 3, iache mahali penye hewa, rudia baada ya wiki mbili, tena na tena. Zangu nyingi zimetulia baada ya mara tatu au nne. Ngozi bandia inayomenyuka ivue kabla haijagandia mwilini, na ukipata fundi cherehani mvumilivu, mshonee shujaa wako koti la kitambaa.

Pete ya G.I. Joe inabadilishwa. Nilikwenda Gerezani, kwenye maduka ya spea, na vipande viwili vya pete iliyokatika nimevikunja kwenye karatasi.

"Karibu kaka. Oringi ya nini hiyo, pampu?"

"Hapana kaka, ya mdoli. Naomba unene huu huu, na mzunguko huu."

Hakucheka. Alivipanga vipande vile juu ya kaunta mpaka vikafanya duara, akashusha waya uliotungwa oringi kama shanga, akaanza kulinganisha moja moja kwa ncha ya kalamu. Nikamwomba za silikoni au za EPDM, mpira wa kiwandani unaostahimili ozoni, kwa sababu zile nyeusi za kawaida za naitraili, mpira mwingine wa kiwandani, hazina uvumilivu mbele ya ozoni. Nikachukua kumi.

Mlaze askari kifudifudi, fungua skrubu moja ya mgongoni kwa bisibisi ndogo ya nyota, inua mgongo, na kumbuka mikono ilivyokaa. Pete mpya ipitie kwenye kulabu ya chuma iliyoshika miguu, ipande kupitia kiuno, ivalie kwenye nguzo ya skrubu kifuani. Rudisha mikono, funika, kaza skrubu mpaka isimame. Ukikaza zaidi ya hapo kifua kitapasuka. Kiuno kikizunguka bila kulegea, umepata saizi.

He-Man ni mgumu zaidi kwa sababu kiwiliwili chake hakina skrubu ya kufungua. Nilitengeneza kulabu ya waya, nikapitisha mpira mpya kutoka tundu moja la nyonga hadi jingine, nikavalisha miguu nikiwa nimeubana kwa kibanio cha nguo. Ilinichukua jioni mbili.

Kagua mwezi Februari kabla ya masika, Juni baada yake, na mwishoni mwa vuli. Chini ya kila sanamu weka kadi nyeupe yenye tarehe na ulichofanya, kwa penseli, kwa kuwa wino wa kalamu unahama. Ya He-Man inasema: mpira mpya wa nyonga, Juni 2022, kichwa kimeoshwa mara nne, hakinati, buluu ya kitenge cha mama bado ipo shavuni.